Mtambo ukisema panda na mnara ukisema shuka: tunawafunzaje marubani na waongozaji wa ndege?

Mnara_wa_Zamani (Kisumu)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo vijana wanaosomea urubani na uongozaji wa ndege hawachoki kuniuliza tangu nilipostaafu: iwapo mtambo wa kuzuia migongano ulio ndani ya ndege unamwagiza rubani apande, na papo hapo mwongozaji aliye chini anamwagiza ashuke, rubani amtii nani? Jibu linajulikana na halina mjadala, nalo ni kwamba autii mtambo. Ninachotaka tukijadili ni kile kinachofuata baada ya jibu hilo. Kwa maoni yangu marubani wanafunzwa vya kutosha kutii, lakini waongozaji hawafunzwi vya kutosha kunyamaza, na tena watu hawa wawili wanafunzwa katika majengo tofauti ilhali hatari inapotokea wanakutana redioni ndani ya muda usiofika dakika moja.

Kwa wasioufahamu, mtambo wenyewe huitwa TCAS, na katika kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hutajwa kama ACAS. Hautegemei rada ya ardhini hata kidogo. Hutuma maulizo kwa masafa ya megahezi 1030, na transponda za ndege jirani, yaani vifaa vya redio vya kujibu maulizo hayo, hujibu kwa megahezi 1090. Kutokana na muda ambao jibu limechukua kurudi, mtambo hukokotoa umbali, na kutokana na taarifa ya urefu iliyomo katika jibu hilo, hujua ndege ile iko juu au chini na kama inapanda au inashuka. Jambo ambalo wanafunzi wengi hulipuuza ni kwamba mtambo haupimi umbali pekee, bali hupima hasa muda uliosalia kabla ndege hizo mbili hazijakaribiana kabisa. Muda huo ukipungua hadi kati ya sekunde 20 na 48, kutegemea urefu ambao ndege inaruka, sauti hutamka "Traffic, traffic", na hiyo ni tahadhari tu, inayoitwa TA. Ukizidi kupungua hadi kati ya sekunde 15 na 35, hutoka agizo, yaani RA, ambalo ni la wima peke yake. Mtambo huu hautoi agizo la kukata kushoto wala kulia.

Ndege zote mbili zikiwa na mtambo kamili, mitambo hiyo hupatana yenyewe kwa mawimbi, mmoja ukichagua kupanda, mwingine unachagua kushuka. Ndiyo maana rubani anayekwenda kinyume cha RA yake haharibu upande wake tu, kwa kuwa ndege ya pili imepangiwa njia kwa kuamini kwamba yeye atafuata ya kwake. Afadhali rubani asiyefanya lolote kuliko anayefanya kinyume.

Abiria_wa_Dunga (Kisumu)

Mzee, nakusalimu kwa heshima. Mimi si mtaalamu, ni abiria tu wa ndege za Kisumu na Nairobi, lakini kuna jambo halinikai sawa. Mwongozaji anaziona ndege zote zilizo katika eneo lake, anajua ipi inatoka Eldoret na ipi inaelekea Entebbe, na ana mpango mzima kichwani. Mtambo unaiona ndege moja au mbili zilizo karibu. Inakuwaje anayeona kidogo ampiku anayeona kingi?

Nauliza pia kwa sababu ya ajali ya tarehe 5 Machi 2024 jijini Nairobi, ambapo ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka uwanja wa ndege wa Wilson kuelekea Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya mbuga, wakafariki watu wawili waliokuwa katika ile ndogo. Tangu siku ile nikisikia mtambo unazuia migongano hujiuliza unazuia ipi na kuacha ipi.

Mnara_wa_Zamani (Kisumu)

Ndugu yangu, swali lako la kwanza ndilo lililowagharimu watu maisha, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu. La pili nitamwachia fundi mmoja wa Eldoret ambaye najua husoma jukwaa hili, ila sitaki tuizungumzie ajali ya Wilson kwa kubahatisha.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege ya Urusi aina ya Tupolev 154, iliyobeba watu 69 ambao wengi wao walikuwa watoto wa shule, na Boeing 757 ya mizigo yenye marubani wawili, zilikuwa katika urefu mmoja juu ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani, katika anga iliyoongozwa kutoka Zürich. Mwongozaji alikuwa peke yake, mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika, na alihudumia vituo viwili vya kazi vilivyo mbali kidogo, huku akihangaika na simu iliyogoma ili apange kutua kwa ndege nyingine kule Friedrichshafen. Sehemu ya mfumo wa kumwonya kuhusu ndege zinazokaribiana ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Waongozaji wa kituo kingine, cha Karlsruhe, waliuona mgongano unakuja katika skrini zao na wakajaribu kumpigia simu, wasimpate.

Alipogundua hatari alimwagiza rubani wa Tupolev ashuke. Sekunde chache baadaye mitambo ya ndege zote mbili ikatoa maagizo yake: Tupolev ipande, Boeing ishuke. Marubani wa Boeing wakautii mtambo. Wale wa Tupolev walikuwa tayari wameanza kushuka, na mwongozaji, ambaye hakujua lolote kuhusu maagizo ya mitambo, akarudia agizo lake kwa mkazo. Ndege zote mbili zikashuka pamoja hadi zikagongana, wakafa watu wote 71.

Sasa rudi kwenye swali lako. Ni kweli kwamba mwongozaji anaona kingi, lakini anakiona kwa kuchelewa. Antena ya rada huzunguka, na kila mzunguko una sekunde zake, hivyo picha iliyo mbele yake daima imepitwa kidogo, na urefu wa ndege anauona kwa hatua. Mtambo huuliza takriban kila sekunde moja. Ndege mbili zinazoelekeana, kila moja kwa kasi ya kilomita 830 kwa saa, humaliza umbali wa kutoka hapa mjini hadi Ahero katika muda usiofika dakika moja. Katika hali hiyo ukubwa wa picha hauna faida, na anayejua jambo moja kwa wakati wake ndiye anayefaa kusikilizwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dunia ilikuwa imeonywa. Tarehe 31 Januari 2001, miezi 17 kabla ya Überlingen, ndege mbili za shirika moja la Japani, Boeing 747 na DC-10, zilikoswakoswa kwa namna hiyo hiyo. Mwongozaji aliyekuwa mafunzoni alichanganya nambari za safari, akaishusha ndege ambayo hakukusudia kuishusha. Mtambo wa 747 ukasema panda, rubani akaendelea kushuka kwa agizo la mwongozaji, huku DC-10 nayo ikishuka kwa agizo la mtambo wake. Ziliponea kwa macho ya marubani dakika ya mwisho, na watu wapatao 100 wakajeruhiwa ndani ya 747 kwa jinsi ilivyoinamishwa ghafla. Baada ya Überlingen kanuni za ICAO ziliandikwa upya kwa maneno yasiyoacha mwanya: rubani afuate RA hata ikipingana na agizo la mwongozaji.

Nyota_ya_Lanet (Nakuru)

Mwalimu, asante kwa somo. Mimi ni rubani msaidizi, na ningependa kueleza jinsi jambo hili linavyoonekana kutoka kiti cha kulia, kwa sababu maandishi ya kanuni hayaonyeshi jinsi sekunde zile zinavyokwenda.

Katika skrini, ndege jirani isiyo na tatizo ni almasi ndogo, na pembeni yake pana tarakimu zinazosema iko mamia mangapi ya futi juu au chini yetu. TA ikitoka, almasi inageuka duara la rangi ya kaharabu. Hapo ndipo tunapofunzwa kujizuia: mkono unakwenda kwenye usukani, macho yanatafuta nje, lakini ndege haiguswi. Kishawishi cha kukata kona kwa kuangalia ile picha ni kikubwa mno, nacho ni kosa, kwa sababu mtambo unapima umbali vizuri lakini upande ndege ilipo unaukisia tu. RA ikitoka, duara linakuwa mraba mwekundu, na katika kipimo cha kasi ya wima inatokea sehemu nyekundu ya kuepukwa na sehemu ya kijani ya kufuatwa. Anayeendesha anakata otopailoti na kuipeleka sindano kwenye kijani. Tunatakiwa kuanza ndani ya sekunde 5, kwa mvuto wa ziada wa robo tu ya ule wa kawaida, hadi kasi ya futi 1,500 kwa dakika. Mtambo ukibadilisha mawazo na kusema ongeza au geuza, tunabakiwa na sekunde 2.5.

Wengi wetu mwanzoni hatukosei kwa kukataa agizo, tunakosea kwa kulizidisha. Mtu anavuta usukani kana kwamba anaruka ukuta, ndege inapanda kuliko ilivyohitajika, na inaingia katika urefu wa ndege nyingine ambayo haikuwa na shida na mtu. Mkufunzi wangu alikuwa akisimamisha zoezi na kutuonyesha hesabu: futi 1,500 kwa dakika ni futi 25 kwa sekunde, kwa hiyo katika sekunde 20 umesogea futi 500, na mwenzako akisogea nyingine 500 upande wa pili, mmepishana kwa futi 1,000 bila abiria kumwaga chai.

Lakini naunga mkono hoja yako kuhusu mafunzo ya pamoja kwa sababu moja. Katika simuleta, yaani mtambo wa kuigiza safari ya ndege, anayeigiza sauti ya mwongozaji ni mkufunzi aliyeketi nyuma yetu, naye anajua kila kitakachotokea. Nikisema "TCAS RA" anajibu kwa neno moja na kunyamaza kama msahafu unavyotaka. Katika maisha halisi, nikiwa na sauti ya mtambo sikioni, mwongozaji aliyeshtuka anaweza kuniuliza naelekea wapi, mara mbili, na ndege nyingine ikaingilia mazungumzo. Hilo hatujawahi kulifanyia mazoezi.

Fundi_Eldoret

Nimeitwa, nimekuja. Kazi yangu ni vifaa vya elektroniki vya ndege, kwa hiyo nitazungumza kama fundi.

Ndugu wa Dunga, mtambo hauoni ndege, unasikia transponda. Ndege isiyo na transponda, au iliyoizima, kwake haipo. Brazili, tarehe 29 Septemba 2006, Boeing 737 na ndege ndogo ya kibinafsi aina ya Legacy ziligongana juu ya msitu wa Amazon, na transponda ya Legacy ilikuwa haitumi. Watu 154 waliokuwa katika Boeing wakafa ilhali Legacy ilifanikiwa kutua. Ndege yenye transponda isiyotuma urefu nayo husikika nusu: mtambo utatoa TA lakini hauwezi kutoa RA, kwa sababu haujui ukuambie upande au ushuke kuikwepa.

Kanuni ya ICAO inazitaka ndege za injini za tabini zenye uzito wa juu wa kuruka unaozidi kilo 5,700, au zilizoidhinishwa kubeba abiria zaidi ya 19, ziwe na mtambo huu. Sasa tazameni anga yetu ya magharibi. Ndege ndogo aina ya Caravan inayotua Kitale au Kakamega haifiki kilo 4,000. Cessna 172 ya mwanafunzi haifiki hata tani moja na nusu. Ndege za namna hiyo hazilazimiki kubeba mtambo, kwa hiyo zinapokutana na ndege kubwa, maelewano ya mitambo miwili ambayo Mzee ameyaeleza hayapo. Ile kubwa inakwepa peke yake, tena kwa sharti kwamba ile ndogo imewasha transponda inayotuma urefu sahihi. Ndiyo maana nikimwona rubani anaipuuza transponda mbovu kwa hoja kwamba yeye anaruka chini chini tu, huwa sisaini.

Jambo la pili ni ardhi. Ndege ikiwa chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, mtambo hautoi RA yoyote, kwa sababu karibu na ardhi agizo la ghafla linaweza kuua kuliko mgongano wenyewe. Urefu huo hupimwa kwa altimeta ya redio inayopiga ardhi iliyo chini yako wakati huo, haupimwi kutoka usawa wa bahari. Ndege iliyo futi 8,000 juu ya tambarare ya Kano ina zaidi ya futi 4,000 chini yake. Urefu huo huo juu ya miinuko ya Nandi, ardhi iko chini yake kwa futi zisizozidi 2,000. Marubani wa huku wanapaswa kujua kwamba wakati wa kuruka na wa kutua, ambapo ndege ndogo na kubwa huchanganyika zaidi, ndipo mtambo unapojinyamazia.

Kuhusu mafunzo ya pamoja, Mzee, nakubali wazo lakini nauliza gharama. Saa moja ya simuleta ya ndege kubwa ni ghali, na kumwondoa mwongozaji kazini maana yake mwingine aongezewe zamu.

Mnara_wa_Zamani (Kisumu)

Fundi, hoja ya gharama ni ya haki, na sipendekezi kila mwongozaji apelekwe kwenye simuleta ya ndege kubwa. Hebu kwanza nieleze kinachotakiwa kwa mwongozaji, maana ni kifupi kiasi kwamba watu hudhani hakihitaji mazoezi.

Rubani akisema "TCAS RA", mwongozaji anajibu "Roger" na anaacha kabisa kuielekeza ndege hiyo, iwe kupanda, kushuka au kugeuka, hadi rubani aseme kwamba hatari imepita. Tangu ndege inapoacha kibali chake, yaani njia na urefu ilioruhusiwa, kwa kufuata RA, mwongozaji hana tena dhima ya kuitenganisha na nyingine zinazoathiriwa na mwendo huo. Dhima inamrudia pale anapokiri kupokea taarifa kwamba ndege imerejea katika kibali chake, au inaporipoti kwamba inarejea naye akatoa kibali kingine kikakubaliwa. Basi, ni hayo tu.

Ugumu wake uko katika hulka ya kazi yenyewe. Mwongozaji hulelewa miaka mingi katika imani kwamba ndege mbili zikikaribiana, ni yeye wa kusema jambo. Mikono inamwasha. Skrini inamwonyesha alama mbili zinaingiliana, moja inaacha urefu alioipa bila ruhusa, na sauti ya rubani imebadilika. Kumwambia mtu huyo akae kimya ni kumwambia atende kinyume cha kila kilichomfanya awe mwongozaji mzuri, na hilo haliingii kichwani kwa kusoma ukurasa mmoja kabla ya mtihani. Tena katika sehemu nyingi skrini yake haimwonyeshi kwamba RA imetoka. Baadhi ya vituo duniani vimewekewa uwezo huo kupitia transponda za aina iitwayo Mode S, lakini kwingine mwongozaji hujua kwa kusikia tu, na rubani huripoti pale mikono yake inapomruhusu. Kule Überlingen, marubani wa Boeing waliripoti kwamba wanashuka kwa agizo la mtambo zaidi ya sekunde 20 baada ya kulipata, na mwongozaji hakuisikia taarifa hiyo.

Mapendekezo yangu kuhusu gharama ni haya. Simuleta za waongozaji tayari zina watu wanaoigiza marubani kutoka chumba cha pili. Kiti kimoja katika chumba hicho akalishwe rubani halisi, mara chache kwa mwaka, na zoezi liwe la kawaida kabisa, lisilotangazwa kuwa la TCAS: mvua ya alasiri imefunga upande wa Kericho, ndege tatu zinaomba kuizunguka, mmoja anaomba urefu mwingine, na katikati ya shughuli hiyo mmoja aseme "TCAS RA". Mkufunzi apime muda ambao mwongozaji alichukua kunyamaza. Baadaye wote wawili wakae meza moja, kila mmoja aeleze alichokiona. Hilo halihitaji mtambo mpya, linahitaji ratiba.

Meza hiyo hiyo ingesaidia jambo la pili, yaani RA zisizo za lazima. Ndege inayopanda kwa kasi kuelekea futi 1,000 chini ya nyingine huifanya hesabu ya mtambo ione mgongano, kwa kuwa mtambo haujui kwamba rubani anakusudia kusimama pale. ICAO hushauri kasi ya wima isifike futi 1,500 kwa dakika katika futi 1,000 za mwisho kabla ya urefu uliopangwa, hasa rubani anapojua kuna ndege karibu. Lakini atajuaje asipoambiwa na mwongozaji? Na mwongozaji atamwambiaje ikiwa hajui kwamba taarifa fupi ya aina hiyo humsaidia rubani kupunguza kasi mapema?

Nyota_ya_Lanet (Nakuru)

Hapo kwenye kasi ya kupanda umenigusa, Mwalimu. Nikiambiwa "kuna ndege futi 1,000 juu ya urefu wako", napunguza bila kulazimishwa. Nisipoambiwa, otopailoti inapanda kwa kasi yake ya kawaida na mimi nahesabu mafuta.

Nina swali moja la mwisho kwa niaba ya ndugu yangu anayeanza mafunzo ya uongozaji. Ndege mbili zinapokuwa katika RA, na ya tatu iko chini yake futi 1,000 haijaripoti lolote, mwongozaji anyamaze kwa zote?

Mnara_wa_Zamani (Kisumu)

Hapana, binti yangu, na mwambie aulize swali hilo darasani siku ya kwanza. Kunyamaza ni kwa ile iliyoripoti RA. Ya tatu ingali mikononi mwake, anaweza kuihamisha au kuipa taarifa kwamba juu yake kuna ndege inayoshuka kwa agizo la mtambo, ila afanye hivyo kwa maneno machache ili masafa yabaki wazi kwa wale wawili. Nayo ikiripoti RA yake kabla hajamaliza sentensi, aikatishe sentensi hiyo na ajibu "Roger".